Chombo Chetu: Makumbusho ya Fiji na Neno "Sisi"

Katika lugha ya wenyeji wa Fiji hakuna neno moja la "sisi". Yako kadhaa, na mawili kati ya hayo ndiyo tunayoyahitaji hapa. Msemaji akisema keda, maana yake ni sisi sote, yaani yeye, wenziwe, na huyo anayemsikiliza. Akisema keimami, maana yake ni sisi bila ya huyo anayesikiliza. Ndivyo ilivyo pia katika kumiliki: noda ni chetu sote, neimami ni chetu sisi, wewe ukiwa kando. Kwa hiyo mwenyeji wa Fiji hawezi kusema "nchi yetu" pasipo kumfahamisha msikilizaji, katika neno lilo hilo, kama yumo au hayumo.

Tumeanza na sarufi kwa makusudi. Jumba la makumbusho la taifa ni usemi wa nafsi ya kwanza, wingi. Halisemi kwa kinywa, lakini kila kitu kilichowekwa ndani yake, kiwe chungu, mkuki, nguo au picha, kinamwambia mtazamaji: hiki ni chetu. Mhakiki wa fasihi hukisoma kitabu na kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na nini kimenyamaziwa. Maswali hayo hayo yanafaa kuulizwa mbele ya makabati ya vioo. Katika makala haya tunakusudia kuyauliza kuhusu Makumbusho ya Fiji, mjini Suva, tuliyoyazuru siku moja ya mapumziko katikati ya safari ya kikazi. Tulikwenda tukidhani kwamba tutaona mambo ya watu wa mbali. Tulirudi na swali ambalo mwalimu wa Kitanzania naye hana budi kulijibu darasani mwake.

Msomaji na aifungue ramani kwanza. Fiji ni nchi ya visiwa zaidi ya 300 katika Bahari ya Pasifiki ya kusini, na visiwa vipatavyo 100 tu ndivyo vyenye wakazi. Kilicho kikubwa kupita vyote ni Viti Levu, na mji wa Suva uko pwani yake ya kusini mashariki. Watu wa kwanza walifika huko kwa mitumbwi yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na vyungu vya nakshi ambavyo wataalamu huviita vya Lapita. Tarehe 10 Oktoba 1874 machifu, wakiongozwa na Cakobau wa Bau, waliitia nchi mikononi mwa Uingereza. Tarehe 10 Oktoba 1970, baada ya miaka 96 kamili, nchi ikajitawala. (Mwanafunzi akumbuke kwamba katika maandishi ya Kifiji herufi "c" husomwa kama "dh" yetu, na "b" kama "mb", hivyo jina la chifu huyo hutamkwa Dhakombau.) Makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1904, mkoloni akiwa bado amekalia kiti.

Jumba la sasa limo ndani ya Bustani ya Thurston, iliyopewa jina la gavana mmoja wa Kiingereza. Mtu wa Dar es Salaam akifika hapo hatajiona mgeni sana, kwani hata makumbusho yetu, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, yako jirani na bustani ya mimea. Yaelekea mkoloni alipenda kuweka kumbukumbu za watu wa nchi na mimea ya nchi mahali pamoja, kana kwamba vyote viwili ni vielelezo vya kuandikiwa vibao. Lakini bustani ya Suva ina habari yake ya ziada. Ardhi hiyo ndipo kilipokuwa kijiji cha zamani cha Suva. Serikali ya kikoloni ilipohamishia makao makuu hapo kutoka Levuka mwaka 1882, wanakijiji walihamishiwa ng'ambo ya bandari, na makazi yao yakaitwa Suvavou, maana yake Suva Mpya. Basi kabla hata hajaingia mlangoni, mtazamaji amekwisha kukanyaga kielelezo cha kwanza cha historia ya taifa hilo, nacho hakimo katika kabati lolote. Kiko chini ya viatu vyake.

Ndani ya jumba, kitu kinachoyateka macho mara moja ni chombo cha baharini kiitwacho Ratu Finau. Ni drua, yaani chombo cha mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, kilichoundwa mwaka 1913, na urefu wake unapita mita 13. Ukubwa huo ni wa kitoto ukilinganishwa na drua za karne ya 19, ambazo nyingine zilipita mita 30 na kuweza kubeba watu zaidi ya 200. Mbao za vyombo hivyo zilikuwa za mti mgumu uitwao vesi, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mkadi.

Wasomaji wetu wa pwani watapenda kusikia jinsi drua inavyokwenda. Haina omo wala tezi ya kudumu. Mitumbwi yake miwili hailingani. Mmoja ni mkubwa, mwingine mdogo, na ule mdogo daima hukaa upande wa goshini, unakotoka upepo. Nahodha akitaka kubisha, hakigeuzi chombo. Mabaharia hulichukua tanga na kasia la usukani kutoka ncha moja hadi nyingine, na iliyokuwa tezi ikawa omo. Ni kazi ya nguvu na ya hatari, nayo hufanywa katikati ya mawimbi, chombo kikiwa hakina mwendo.

Tulisimama mbele ya chombo hicho kwa muda mrefu, na tukawakumbuka wavuvi wa Mtwara na Bagamoyo. Ngalawa ya kwetu yenye mirengu miwili, mmoja kila ubavu, ni ndugu wa mbali wa mitumbwi hiyo. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ufundi wa mirengu ulifika upande wetu wa Bahari ya Hindi pamoja na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya kusini mashariki na kufanya makazi Madagaska, ambako wazee wetu walikuita Bukini. Lugha ya Madagaska na lugha ya Fiji ni za ukoo mmoja, ijapokuwa kati yake kuna karibu theluthi ya mzunguko wa dunia. Mwandishi Epeli Hau'ofa, mtu wa asili ya Tonga aliyeishi na kufanya kazi Suva hadi kufariki kwake mwaka 2009, alitoa hoja mwaka 1993 kwamba wakoloni waliwafundisha watu wa Pasifiki kujiona kuwa ni vijisiwa vilivyotupwa katika bahari kubwa, ilhali mababu wao waliiona bahari yenyewe kuwa ndiyo nchi. Mbele ya Ratu Finau hoja hiyo haihitaji mtetezi.

Mlinzi wa ukumbi, mzee wa makamo mwenye sulu ya kijivu kiunoni, alikuja akasimama nasi. Tulizungumza kwa Kiingereza, lugha isiyo yake wala yetu. Alitueleza habari za kamba na tanga, kisha akasema kwa fahari kwamba hicho ndicho chombo chao, au chombo chetu. Kiingereza hakikutuwezesha kujua. Tukamwuliza: kwa lugha yako, mzee, ungesema noda au neimami? Alinyamaza kidogo. Wakati huo lilikuwa limeingia darasa la watoto wa shule, wengine wenyeji na wengine wenye asili ya Kihindi, wote wamevaa sare moja, wakikizunguka chombo na kunyoosheana vidole. Mzee yule aliwatazama, akatutazama na sisi, akajibu: "Inategemea ni nani amesimama hapa."

Jibu hilo ndilo uhakiki wote wa jumba lile kwa maneno matano. Yaliyobaki katika makala haya ni maelezo yake.

Tuanze na vitu vinavyopendwa na watalii. Wageni wengi hawaendi kwenye chombo wala kwenye vyungu vya Lapita. Huulizia uma na kiatu. Uma ni ule wa mti wenye meno marefu, ambao makuhani na machifu wa zamani waliutumia kulia nyama ya binadamu, na ambao nakala zake huuzwa hadi leo katika maduka ya ukumbusho. Kiatu, au tuseme mabaki ya soli zake, ni cha Thomas Baker, mmisionari wa Kimethodisti aliyeuawa na kuliwa katika kijiji cha Nabutautau, milimani Viti Levu, mwezi Julai 1867. Hatusemi kwamba vitu hivyo vifichwe. Taifa linaloficha aibu yake halina historia, lina tangazo la biashara tu. Lakini yafaa tuulize vinasimulia kwa sauti ya nani. Baker hakuuawa peke yake. Pamoja naye walikufa wafuasi wake kadhaa waliokuwa Wafiji. Ulimwengu unakijua kiatu cha mzungu, bali nyayo za wale waliofuatana naye hazijulikani. Tena watu wa milimani hawakumwua kwa njaa. Walikuwa wakiupinga utawala wa Bau, na dini mpya waliiona ikija imefungamana na utawala huo. Uma ukiwekwa bila ya siasa hiyo, unakuwa kitendawili cha kuchekesha. Ukiwekwa pamoja nayo, unakuwa historia.

Karibu na habari hizo kuna kitu ambacho mtalii hukipita upesi: tabua, jino la nyangumi lililong'arishwa na kufungwa kamba. Wageni hulifananisha na fedha, na hapo hukosea, kwa maana halinunui kitu. Hutolewa kwa posa, kwa msiba, kwa mapatano, na kwa kuomba radhi. Kwa kuwa "b" ya Kifiji ni "mb", jina lake hutamkwa tambua. Ni sadfa tupu, wala hatutaki mwanafunzi aandike katika mtihani kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Hata hivyo mshairi hawezi kuliacha lipite. Anayelipokea jino hilo amekubali kumtambua aliyelitoa. Mwezi Novemba 2003 watu wa Nabutautau waliwaalika wazao wa Baker kutoka Australia, wakawatolea tabua na kuomba msamaha kwa tendo la mwaka 1867. Ilikuwa imepita miaka 136. Hapo jino lililoko katika kabati na jino lililoko mkononi mwa watu vilikuwa kitu kimoja, na jambo hilo ni adimu katika makumbusho yoyote duniani.

Kitu cha tatu cha kustaajabisha ni usukani wa merikebu ya Kiingereza, Bounty, uliopatikana baharini kisiwani Pitcairn mwaka 1933. Mabaharia wa merikebu hiyo walimwasi nahodha wao, Bligh, mwaka 1789. Walikuwa wametumwa Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli ili ikapandwe Karibi iwe chakula cha watumwa. Bligh, alipotupwa katika mashua ndogo, alipita kati ya visiwa vya Fiji akikimbizwa na vyombo vya wenyeji. Uhusiano wa usukani huo na Fiji ni mwembamba kiasi hicho. Lakini umo, na watu huja kuutazama kwa sababu hadithi yake imetiwa katika filamu za Marekani. Hivyo hata katika nyumba ya taifa mgeni huweza kupewa kigoda kizuri, mradi hadithi yake inajulikana huko kwao.

Sasa tupande ngazi. Ghorofani ndiko tulikokuta habari za watu wa Fiji wenye asili ya Kihindi. Gavana wa kwanza, Arthur Gordon, alikataa wenyeji wasitolewe vijijini kwenda kufanya kazi za mashamba makubwa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuumia: surua iliyoletwa kwa merikebu mwanzoni mwa mwaka 1875 iliua watu wapatao 40,000, zaidi ya robo ya wakazi wote. Lakini mkoloni alitaka miwa, na miwa ilitaka mikono. Basi mikono ikatafutwa India. Tarehe 14 Mei 1879 merikebu iitwayo Leonidas ilitia nanga Levuka ikiwa na watu 463. Hadi mwaka 1916 walikuwa wameletwa watu zaidi ya 60,000 katika safari 87. Walifungwa kwa mkataba wa miaka mitano, na ili mtu arudishwe kwao bure ilimlazimu akae kumi. Neno la Kiingereza la mkataba lilipindika midomoni mwao likawa girmit, na wao wakaitwa girmitiya. Merikebu moja, Syria, ilivunjika katika mwamba wa Nasilai mwaka 1884, na watu 59 wakafa maji. Mikataba ya mwisho ilifutwa tarehe 1 Januari 1920. Wasomaji watakumbuka kwamba India hiyo hiyo, kwa mikataba ya namna hiyo hiyo, ndiyo iliyotoa vibarua zaidi ya 30,000 waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901.

Waliosafiri katika merikebu moja waliitana jahaji, yaani ndugu wa chombo kimoja, hata kama kwao walikuwa wa tabaka zisizokula pamoja. Neno hilo na neno letu jahazi ni tawi na tawi la shina moja. Tukasema moyoni: kumbe jumba hili lina vyombo viwili. Kimoja kiko chini, kizima, cha mti na kamba, nacho kinaweza kuguswa kwa macho. Kingine hakimo, kimebaki katika karatasi, picha na majina. Aliyekuja kwa drua ana drua ya kuonyesha. Aliyekuja kwa merikebu ya kampuni hakuachiwa hata ubao, kwa kuwa chombo hakikuwa chake. Wala hilo si kosa la watunza makumbusho. Ndiyo hali ya kila kibarua duniani: huacha kazi, haachi vitu. Mwenye kutaka kuona kielelezo cha girmitiya na atoke nje ya mji, aende magharibi mwa Viti Levu akatazame mashamba ya miwa.

Lakini la mpangilio ni letu kulihakiki. Chumba chao ni chumba chao. Mtu anaweza kuimaliza historia ya drua, ya machifu na ya wamisionari, akashuka bustanini bila ya kupanda ngazi, na akadhani ameiona Fiji. Vivyo hivyo mtu anaweza kupanda ghorofani, akaisoma girmit, na asione kwamba surua ya 1875, siasa ya Gordon na njaa ya mkoloni ya sukari ni sababu moja iliyozaa pande zote mbili: wenyeji wakafungiwa vijijini, wageni wakafungiwa mashambani, na katikati akakaa mwenye kiwanda. Shairi lenye beti nzuri zisizokuwa na kituo cha kuziunganisha huitwa nini? Huitwa beti.

Je, jambo hili lina uzito gani? Msomaji asidhani tunabishana juu ya ngazi na vyumba. Tarehe 14 Mei 1987, siku ile ile ya mwaka ambayo Leonidas ilitia nanga miaka 108 kabla yake, Luteni Kanali Sitiveni Rabuka aliingia bungeni na askari akaipindua serikali iliyochaguliwa mwezi uliotangulia, kwa hoja kwamba Wahindi wamepata nguvu mno katika nchi ya wenyeji. Mwaka 2000 Waziri Mkuu wa kwanza mwenye asili ya Kihindi, Mahendra Chaudhry, alishikwa mateka bungeni kwa siku 56. Mwaka 2006 jeshi likapindua tena. Maelfu ya wajukuu wa girmitiya walihama nchi. Watu ambao tangu hesabu ya mwaka 1946 walikuwa wamewazidi wenyeji kwa idadi, sasa ni wachache. Hata jina lilikuwa vitani. Kwa muda mrefu neno "Mfiji" katika sheria lilimaanisha mwenyeji peke yake; mzawa wa kizazi cha nne mwenye babu wa Calcutta alikuwa raia wa Fiji asiyekuwa Mfiji. Mwaka 2010 sheria ziliwaita wenyeji iTaukei, na katiba ya mwaka 2013 ikawapa raia wote jina la Wafiji. Neno lililokuwa keimami likaamriwa kuwa keda. Lakini amri hubadili maandishi kwa siku moja, na mioyo huchukua muda wake.

Hapa haki inatutaka tuwasemee na wenyeji. Ni rahisi kwa mpita njia kama sisi kuwahubiria wengine umoja. Wenyeji wa Fiji walizikana kwa maelfu katika surua, wakaona visiwa vya jirani vikimezwa na walowezi, kisha wakajikuta wachache katika ardhi ya mababu zao pasipo mtu yeyote kuwauliza kama wageni waletwe. Watu wa namna hiyo wana haki ya kuwa na neno lao la ndani. Mwenye kuipenda drua ya mababu zake hakumtukana mwenye babu aliyekuja kwa merikebu. Sarufi yenyewe inalikubali jambo hili, kwa kuwa lugha haikulifuta neno moja ili kulijenga jingine. Imeyaweka yote mawili, kila moja na mahali pake. Kusema keimami si kosa. Kosa ni kusema keimami na kujidai kwamba umesema keda: kuweka bango la "taifa" mlangoni, na ndani ukasimulia ukoo mmoja.

Tarehe 14 Mei 2023 Rabuka, ambaye alikuwa amerudi madarakani kwa kura mwezi Desemba 2022, alisimama mbele ya watu akaomba msamaha kwa mapinduzi ya 1987. Mwaka huo ndio Siku ya Girmit ilipoanza kuadhimishwa kwa mapumziko ya taifa zima. Wako wanaosema msamaha huo ulichelewa, na wako wanaosema haukutosha. Sisi tunasema tu kwamba ulitolewa kwa kawaida ile ile ya Nabutautau: aliyekosa alitoka akaja mbele ya aliyekosewa. Makumbusho yenye hekima yatauweka msamaha wa 2003 na ule wa 2023 katika chumba kimoja.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa uhakiki usiorudi nyumbani ni umbea. Kiswahili kina "sisi" moja tu. Hakitulazimishi kuchagua, na hilo ni raha na ni hatari. Ni raha, kwa sababu neno hilo liliwawezesha watu wa makabila zaidi ya 120 kusimama chini ya bendera moja pasipo kuulizana kwanza nani yumo. Ni hatari, kwa sababu mtu aweza kusema "utamaduni wetu", "mila zetu", "mavazi yetu", akimaanisha ya kijiji chake, ya dini yake, au ya jinsia yake, na wala lugha isimfichue. Mfiji angekamatwa na kiambishi chake. Sisi hatukamatwi na mtu. Hata kitabu hiki kinachobeba makala haya kinasema "utamaduni wa taifa letu", nasi tuliochangia hatuna budi kujiuliza kila tunapoandika "-etu": je, mtoto wa Kimakonde, mtoto wa Kihadzabe, na mtoto wa Kihindi wa Tanga, wakiisoma sentensi hii, watajiona wamo au wamesimama mlangoni?

Kwa hiyo tunawashauri walimu jambo dogo linalowezekana. Mtakapowapeleka wanafunzi katika Makumbusho ya Taifa, au katika Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa mwaka 1967 chenye nyumba za makabila mbalimbali, msiwaambie wanakili vibao tu. Mpeni kila mmoja kazi ya kuchagua vitu vitatu na kuandika mbele ya kila kimoja: hiki ni chetu sisi sote, au ni chetu sisi bila ya wale? Na kama ni bila ya wale, wale ni nani, na chao kiko wapi? Darasa litabishana. Msiogope, hapo ndipo somo la historia litakapokuwa limeanza.

Tulipotoka Suva kulikuwa na mvua, kama ilivyo desturi ya mji ule. Watoto wa lile darasa walikuwa wamejikinga barazani, sare zao zimelowa, wakila wakisubiri gari. Ndani, Ratu Finau ilikuwa imetulia katika giza lake, mitumbwi miwili isiyolingana, mmoja ukielekezwa daima upande unaotoka upepo. Hatutaki kuifanya kuwa fumbo jepesi la nchi ile. Wenyewe wana haki ya kulifumba na kulifumbua. Lakini tulikumbuka kwamba chombo kile hakibishi kwa mtu mmoja kukigeuza. Lazima walio ncha hii walibebe tanga, na walio ncha ile walipokee.